Kusoma Sahani ya Kwetu

Miongoni mwa insha ambazo wanafunzi hupewa kuandika mara kwa mara ni ile ya chakula cha kwao. Kichwa chake huonekana chepesi. Kila mtu amekula, na kila mtu ana nyumba au kijiji ambacho chakula chake hakifanani kabisa na cha mahali pengine. Basi mwandishi huanza kwa kutaja vyakula, huvisifu kwa utamu na kwa nguvu, hueleza jinsi vinavyopikwa, na mwisho huwahimiza vijana wasiache mila za wazee wao. Insha ya namna hiyo pengine haina kosa la sarufi, na mwalimu huipa alama za kutosha. Lakini msomaji akimaliza kuisoma, hajui jambo lo lote ambalo hakulijua kabla ya kuianza. Ukibadili jina la mji na majina ya vyakula, insha hiyo hiyo yaweza kutumika Bukoba, Lamu au Kisumu.

Nia ya makala haya ni kuchunguza jinsi waandishi kadha walivyokieleza chakula cha nchi ya Mlima Kenya na jirani zake, na kuyapima maelezo yao. Anayetaka kupima lazima awe na kipimo. Napendekeza maswali matatu ambayo mtu aweza kuyauliza mbele ya sahani yo yote, iwe mezani au kitabuni. Kwanza, chakula hiki kimefikaje hapa? Pili, kimepatikana kwa kazi ya nani? Tatu, nani amekula, na nani amekosa? Mwandishi anayeyajibu maswali haya, hata kwa maneno machache, hutupa habari za mahali na za watu. Asiyeyajibu hutupa sifa tupu.

Na tuuchukue mji wa Kutus, katika kaunti ya Kirinyaga, uwe kituo chetu. Kutus si mji mkubwa, wala haukutajwa sana vitabuni, lakini mahali ulipo panafaa kwa shughuli yetu. Ukitoka hapo kwenda kaskazini unapanda kuelekea Kerugoya, na ukizidi kupanda unapita mashamba ya kahawa, kisha ya chai, mpaka penye msitu na baridi. Ukielekea kusini unateremka hadi tambarare ya Mwea, nchi ya joto na ya udongo mweusi, penye majaruba ya mpunga yanayonyweshwa kwa maji ya mito ya Thiba na Nyamindi. Kwa hiyo mji huu umekaa kati ya nchi mbili, nchi ya juu na nchi ya chini, na vyakula vya pande zote mbili hukutana hapo.

Kuna irio, yaani mahindi na maharagwe yaliyopondwa pamoja na viazi na majani ya maboga. Kuna githeri, ambayo ni mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pasipo kupondwa. Kuna viazi vitamu, na kuna nduma, ambazo Waswahili wengi huziita majimbi, zilizong'olewa kando ya vijito. Kuna njahi, zile punje nyeusi zenye kijistari cheupe pembeni, ambazo pwani huitwa fiwi, na ambazo mama aliyejifungua hupikiwa ili apate nguvu. Tena kuna wali wa mchele wa Mwea uitwao pishori, ambao harufu yake humfikia mlaji kabla ya sahani. Mwenyeji wa Kutus akiulizwa, atasema kwamba vyote hivi ni vyakula vya kwao. Maneno yake ni ya kweli, lakini kila chakula katika hivi kimeupata uenyeji kwa njia yake. Tuzifuate njia hizo, tukianza na chakula kilicho duni kuliko vyote machoni pa watu, nacho ni kiazi kitamu.

Kiazi kitamu kimo katika vitabu viwili mashuhuri, na waandishi wake wamekiona kwa macho tofauti kabisa. Kitabu cha kwanza ni Out of Africa cha Karen Blixen, bibi wa Kidenmarki aliyekaa Kenya tangu mwaka 1914 hata 1931, akilima kahawa karibu na vilima vya Ngong. Kitabu chake kilitoka mwaka 1937. Humo amemweleza mpishi wake Mkikuyu, Kamante, ambaye alijifunza upishi wa Kizungu hata wageni wakastaajabu. Blixen anatwambia kwamba Kamante mwenyewe hakuvijali vyakula alivyovipika, na kwamba moyoni aliiona taabu ya Wazungu juu ya chakula chao kuwa ni wazimu. Lakini mara moja moja alimletea bibi yake kiazi kitamu cha kuchoma au kipande cha mafuta ya kondoo, kikiwa ni zawadi. Hapo mwandishi anamlinganisha na mbwa aliyezoea kukaa na watu, ambaye huja akaweka mfupa mbele ya bwana wake.

Hatuna haja ya kumtukana Blixen kwa mfano huo, ingawa mfano wenyewe ni wa dharau. Kazi yetu ni kuuliza mahali macho yake yalipokoma. Aliona vema, maana alitambua kwamba kile kiazi kilikuwa zawadi, na wengi wa wakati wake wasingalilitambua hata hilo. Lakini hakuuliza kiazi kimetoka shamba gani, wala mkono wa nani umekichimba. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya kilichotoka London mwaka 1938, yaani mwaka mmoja tu baadaye, ameeleza jinsi kazi ya shamba ilivyogawanywa kwa desturi ya Wakikuyu: ndizi, miwa na viazi vikuu vilipandwa na wanaume, mahindi, maharagwe, mawele na viazi vitamu vilipandwa na wanawake. Kwa desturi hiyo, basi, nyuma ya kiazi cha Kamante twapaswa kumwona mwanamke mwenye shamba. Zaidi ya hayo, ardhi ile aliyoishika Blixen ilikuwa na wenyeji wake. Aliyeleta kiazi alikuwa mwenyeji anayemkaribisha mgeni katika nchi yake, naye mgeni alidhani kwamba yeye ndiye mwenye nyumba. Sahani iliwekwa mezani, lakini haikusomwa.

Kitabu cha pili kilitoka miaka 69 baadaye. Wangari Maathai alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri, akapata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, akafariki mwaka 2011. Katika kitabu cha maisha yake, Unbowed, kilichotoka mwaka 2006, anaeleza jinsi mtoto alivyokaribishwa duniani katika kijiji chao. Wanawake walikwenda mashambani mwao wakaleta ndizi mbichi, viazi vitamu na miwa ya rangi ya zambarau. Mama alikuwa amemnonesha mwana-kondoo ndani ya nyumba yake, na baba alimchinja na kuchoma kipande cha nyama. Mama alitafuna kidogo kidogo cha kila kitu, kisha akatia maji yake katika kinywa cha mtoto. Hicho kilikuwa chakula cha kwanza, kabla ya maziwa ya mama. Kutokana na hayo Maathai anajiita mtoto wa udongo wa kwao kadiri ile ile alivyo mtoto wa baba na mama yake.

Maelezo haya ni mafupi, lakini yanajibu maswali yetu yote matatu. Twajua chakula kimetoka wapi: mashamba ya majirani, si soko wala ghala. Twajua kimepatikana kwa kazi ya nani, na hapa tukikumbuka mgawanyo wa kazi alioueleza Kenyatta tutaona jambo ambalo Maathai hakulisema wazi. Ndizi na miwa ni mimea ya wanaume. Viazi vitamu ni zao la wanawake. Mwana-kondoo amelishwa na mama na kuchinjwa na baba. Basi katika kinywa cha yule mtoto mchanga imekutana kazi ya kijiji kizima, ya wanaume na ya wanawake, hata tone lisipungue upande wo wote. Twajua pia nani amekula: ni mtu mdogo kuliko wote, asiye na meno wala kazi, naye amelishwa kabla ya wote.

Jambo jingine la kusifiwa ni uangalifu wa mwandishi. Hakuna mtu anayekumbuka siku aliyozaliwa. Maathai anasema kwamba hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi, na kwamba hicho ndicho kingalikuwa chakula chake cha kwanza. Hakujitia kukumbuka asichoweza kukumbuka. Waandishi wengi wa habari za utotoni hushindwa hapo, wakapamba mambo hata msomaji akaacha kuwaamini.

Lakini sasa swali la kwanza hutuletea taabu. Tukiuliza vyakula vile vya Ihithe vilifikaje mlimani, jibu lake litawashangaza wengi. Kiazi kitamu asili yake ni bara la Amerika. Ndizi zilitoka kusini-mashariki mwa Asia. Muwa ulianza kulimwa katika kisiwa cha New Guinea. Hata kondoo alifugwa kwanza Asia ya magharibi. Katika kile chakula kitakatifu cha mtoto wa mlimani, hakuna kitu hata kimoja ambacho asili yake ni mlima wenyewe. Tukitazama irio ya Kutus mambo ni yale yale: mahindi, viazi na maharagwe ya kawaida vyote asili yake ni Amerika.

Je, kwa hiyo Maathai amekosea, na mwenyeji wa Kutus anajidanganya? La, hasha. Waliokosea ni wale wanaodhani kwamba chakula huwa cha mahali kwa sababu ya asili ya mbegu yake. Kama ingalikuwa hivyo, pangalikuwa na watu wachache sana duniani wenye chakula cha kwao. Waitalia wasingalidai nyanya, wala Waairishi viazi, maana vyote viwili vilivuka bahari kutoka Amerika. Mbegu huwa mwenyeji pale watu wanapoijua vema: wanapojua ipandwe mvua gani, ichimbwe na nani, apewe nani kwanza, na siku gani. Ujuzi huo ndio mila. Kwa hiyo mwanafunzi anayeandika kwamba irio imekuwapo mlimani tangu mwanzo wa dunia anasema jambo lisilo kweli, tena anaacha jambo bora zaidi, yaani jinsi bibi na babu zake walivyoipokea mbegu ngeni wakaifanya yao.

Kwa upande mwingine, kuna vyakula vilivyokuwa wenyeji zaidi na ambavyo vimerudishwa nyuma. Lugha yenyewe hutushuhudia. Wakikuyu, pamoja na Wandia na Wagichugu wa Kirinyaga, huyaita majira ya mvua kwa majina ya mazao. Mvua kubwa, ile ya Machi hata Mei, ni mvua ya njahi. Mvua ndogo, ya Oktoba hata Desemba, ni mvua ya mwere, neno ambalo ni ndugu wa neno letu la Kiswahili uwele, yaani mawele. Yaonyesha kwamba zamani mtu aliposikia ngurumo alifikiri kwanza juu ya mazao haya mawili. Leo mvua zinaitwa hivyo hivyo, lakini aghalabu shambani hupandwa mahindi na maharagwe mekundu. Jina limebaki, kilichoitwa kwa jina hilo kimekuwa adimu.

Mambo haya hayakutokea yenyewe. Mwanahistoria Claire Robertson aliandika makala mwaka 1997 juu ya maharagwe na wanawake wa Kenya, akaonyesha jinsi njahi, zilizopendwa na wanawake Wakikuyu na kushikamana na desturi zao za uzazi, zilivyosukumwa nyuma wakati wa ukoloni na aina nyingine za maharagwe zilizopendekezwa na serikali kwa ajili ya biashara. Makala yake ni ya historia, si ya fasihi, lakini kwa kipimo chetu ni mfano mwema wa kusoma sahani. Ameona punje nyeusi na nyekundu, akauliza nani aliyezibadilisha, na kwa faida ya nani. Mwandishi wa insha aweza kufanya vivyo hivyo kwa njia ndogo: kumwuliza bibi yake alipanda nini alipokuwa msichana, na kwa nini aliacha.

Mpaka hapa tumesoma vyakula vilivyopo. Lakini swali la tatu hutuamuru kumtazama na aliyekosa. Kwa hilo yatubidi kuuacha mlima kwa muda mfupi, twende Limuru, upande wa kusini wa nchi ya Wakikuyu, kwa Ngũgĩ wa Thiong'o. Riwaya yake Weep Not, Child ilitoka mwaka 1964, na mwanzoni mwake mama aitwaye Nyokabi anamwuliza mwanawe Njoroge kama angependa kwenda shule. Mtoto anafurahi mno. Ndipo mama anapomwonya kwamba wao ni maskini, hivyo hatapata chakula cha mchana kama watoto wengine. Mtoto anakubali.

Ni maneno machache sana, wala hakuna chakula cho chote kilichotajwa, lakini sijui mahali pengi katika fasihi yetu ambapo chakula kimesema mengi kuliko hapo. Msomaji atajua baadaye kwamba Ngotho, baba wa mtoto, anafanya kazi katika shamba la Mzungu aitwaye Howlands, na kwamba shamba hilo ni ardhi ya wazee wake mwenyewe. Basi chakula cha mchana kinachokosekana kina historia kamili. Kimekosekana kwa sababu ardhi imekosekana. Ngũgĩ hakuhitaji kusifu irio ili tuipende; ametuonyesha mtoto anayekubali kukaa bila chakula kwa ajili ya kitabu. Mwanafunzi aliyepata kukaa darasani na njaa hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sasa turudi Kutus, tuteremke kusini mpaka Mwea, kwenye wali. Hapa maswali yetu yanakuwa mazito kuliko kote, kwa sababu wali wa Mwea ni chakula kitamu, ni fahari ya kaunti, na historia yake si ndefu. Wazee wengine waliokuwa watoto ilipoanza wapo hai.

Mradi wa kunywesha mashamba ya Mwea ulianzishwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ilipokuwa ikipigana na Mau Mau. Mifereji ilichimbwa na majaruba yakasawazishwa kwa mikono ya watu waliozuiliwa katika makambi ya Mwea. Makambi hayo hayo yalijulikana baadaye kwa mateso waliyotendewa wafungwa ili wakiri viapo vyao. Basi chakula hiki kilifikaje hapa? Kilifika kwa amri, na maji ya kwanza yalipita katika mitaro iliyochimbwa na watu wasiokuwa na uhuru. Jambo hilo halikuandikwa juu ya magunia ya mchele, lakini ni sehemu ya habari zake.

Baadaye familia zilipewa mashamba, aghalabu ekari 4 kila moja, kwa masharti makali. Mkulima hakuwa mwenye ardhi bali mpangaji, na akivunja kanuni aliweza kufukuzwa. Kuanzia mwaka 1966 mambo yote yalisimamiwa na Bodi ya Taifa ya Unyunyizaji. Mwaka 1973 Robert Chambers na Jon Moris walihariri kitabu kikubwa juu ya mradi huu. Sura moja yake, iliyoandikwa na Jane Hanger pamoja na Moris, yahusu wanawake na uchumi wa nyumbani, na kwa maoni yangu ndiyo iliyokisoma chakula cha Mwea kwa haki kuliko nyingine zote.

Sura hiyo ilionyesha jambo ambalo hesabu za magunia haziwezi kulionyesha. Mavuno yalikuwa mema na fedha zilipatikana, lakini fedha hizo zililipwa kwa mume, mwenye jina katika daftari. Mke alipanda, akapalilia, akavuna, naye alipewa sehemu ya mpunga. Lakini wali haukuwa chakula alichozoea yeye na watoto wake. Walipenda mahindi na maharagwe, na nafasi ya kuyalima ilikuwa ndogo sana. Hata kuni zilikuwa shida katika tambarare ile isiyo na miti, ikambidi mtu anunue. Kwa hiyo mke aliuza au kubadilisha mpunga wake ili apate chakula alichokiona ni chakula. Fikiri jambo hilo, msomaji. Huyu ni mwanamke anayesimama katika maji tangu asubuhi akipanda chakula, na jioni hana cha kupika ambacho watoto wake watakiona kuwa kimewashibisha. Methali yasema shibe mwana malevya, njaa mwana malegeza. Lakini hapa palikuwa na njaa ya namna ya pili, njaa ya mtu aliyezungukwa na chakula kisicho chake.

Tukiishia hapo tutakuwa tumesema nusu ya kweli. Watu wa Mwea hawakubaki walipowekwa. Mwaka 1998 wakulima walikataa kuendelea kuipelekea Bodi mpunga wao kwa bei zilizopangwa na Bodi, wakachukua wenyewe shughuli ya kuuza kwa njia ya chama chao cha ushirika. Mwaka 2022 bwawa la Thiba lilizinduliwa ili kuyaongezea mashamba maji. Mchele wenyewe, wa aina ya Basmati 370 iliyotoka Punjab, ambayo jina lake la pishori husemwa kuwa limetokana na mji wa Peshawar, leo husifiwa kama mchele wa Mwea, na wako wafanyabiashara wanaotia mchele mwingine katika mifuko yenye jina hilo ili wapate bei nzuri. Watoto waliozaliwa huko hawauoni wali kuwa chakula cha amri. Ni chakula cha arusi na cha Krismasi, na kwa nyumba nyingi ni cha siku zote. Kwa kipimo tulichokitumia kwa kiazi kitamu, wali wa Mwea umekuwa chakula cha kwao kwa haki, maana wameujua, wameufanyia kazi, tena wameupigania.

Lakini haki hiyo ina sharti. Anayeuita wali wa pishori urithi wake hana budi kuupokea urithi wote, pamoja na mtaro na kambi, pamoja na yule mama na mpunga wake wa kubadilisha. Akichagua harufu peke yake, atakuwa amekaa mahali pale pale alipokaa Blixen: ameletewa kitu cha thamani na mkono asioujua, naye ametazama kitu bila kuutazama mkono.

Najua baadhi ya wasomaji watapinga. Watasema kwamba chakula ni furaha, na kwamba mwenye kuuliza maswali mazito mezani huwaharibia wenzake hamu ya kula. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Kweli kuna maandishi makavu ambayo yameona dhulma kila mahali hata yakasahau kwamba irio ni tamu. Lakini mfano wa Maathai watosha kuwajibu. Katika kurasa zake hakuna uchungu, wala hakuficha kazi ya mtu ye yote. Utamu wa viazi vile na ndizi zile unazidi kwa sababu twawaona wanawake wakivileta. Mtu hapunguziwi furaha kwa kumjua aliyempikia. Kinyume chake, chakula kisichojulikana kimetoka kwa nani ndicho huliwa bila shukrani.

Wengine watasema kwamba maswali haya ni kazi ya wanahistoria, na kwamba mwanafunzi wa kidato cha pili hana njia ya kuyajibu. Hilo silikubali. Mwanafunzi wa Kutus aweza kupata majibu mengi pasipo kutoka nyumbani. Aweza kuuliza ni nani katika ukoo wao aliyeteremka kwanza Mwea, na aliteremka kwa hiari au kwa kulazimishwa. Aweza kuuliza njahi za jikoni zimenunuliwa au zimelimwa, na kama zimenunuliwa, shamba la njahi liligeuka kuwa nini. Aweza kutazama nani huandaliwa kwanza na nani hula mwisho, akaandika alichokiona bila kumtia mtu aibu. Majibu ya namna hiyo hayapatikani katika kitabu cho chote cha shule, na kila mwaka baadhi ya wanaoyajua huaga dunia.

Huo ndio upungufu mkubwa wa insha za chakula cha kwetu. Lugha yake huwa safi, lakini aghalabu wenye kuziandika hawakuuliza. Blixen alikuwa na lugha nzuri kuliko wengi, na lugha hiyo haikumsaidia kumwona aliyemletea kiazi. Mama yake Njoroge alisema maneno machache ya kawaida, na tumeelewa nchi nzima. Basi mwanafunzi atakayepewa tena insha hii asianze na utamu. Aanze na chakula kimoja, chungu kimoja na mtu mmoja aliyekifanyia kazi, amtaje mtu huyo kwa heshima anayostahili, kisha aeleze alikipataje na alimpa nani. Akifanya hivyo, hatakuwa na haja ya kutuambia kwamba mila zake ni nzuri. Tutakuwa tumekwisha kuziona.